Mcheza Kwao Hutunzwa: Michezo, Misheni ya Wanavyuo na Lugha za Wachache, Kiungani na Masasi



1.0 Utangulizi

Historia ya Kiswahili katika karne ya 19 imezoeleka kusimuliwa kwa njia ya vitabu. Hutajwa sarufi za mwanzo, kamusi, tafsiri za Biblia na, baada ya hapo, mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yana pengo. Kitabu huweza kuiweka lugha katika umbo linaloonekana. Hakiwezi peke yake kuitia lugha hiyo kinywani mwa mtoto. Mtoto hujifunza lugha mahali ambapo ana haja ya kumwambia mwenzake jambo papo hapo, na ambapo asiposema hupoteza kitu anachokitaka. Miongoni mwa mahali pa namna hiyo, uwanja wa mchezo una nafasi ya pekee.

Mhadhara huu unakusudia kuchunguza mfano mmoja wa kihistoria: kazi ya Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, maarufu kwa kifupi UMCA, miongoni mwa vijana waliozungumza Kiyao, Kimakua, Kinyanja, Kimakonde, Kibondei na lugha nyinginezo za bara. Swali linaloulizwa ni moja. Wamisionari waliotoka vyuoni walipowakutanisha vijana wa lugha mbalimbali kwa njia ya mpira, hadithi na, baadaye, jando, ni lugha gani iliyopata nguvu na ni ipi iliyopoteza nafasi?

Neno lenyewe la Kiswahili linafaa kuangaliwa tangu mwanzo. Kitenzi *cheza* hubeba mpira, bao, karata na ngoma bila kubagua. Mtu hucheza mpira, hucheza bao, na hucheza ngoma. Mwingereza wa karne ya 19 alikuwa na kitenzi kimoja cha michezo na kingine cha ngoma, na pamoja na vitenzi hivyo alikuwa na hukumu mbili: mchezo aliuona kuwa malezi, ngoma aliiona kuwa upotovu. Mpaka huo haukuwamo katika Kiswahili, wala katika maisha ya watu waliofikiwa na misheni. Sehemu kubwa ya matatizo yatakayojadiliwa hapa imetokana nao.

2.0 Misheni iliyozaliwa vyuoni

Tarehe 4 Desemba 1857, David Livingstone alitoa hotuba mbele ya hadhara ya Chuo Kikuu cha Cambridge, akawahimiza vijana wasomi wauchukue Ukristo na biashara katika Afrika ya Kati. Kutokana na wito huo iliundwa misheni ya Oxford na Cambridge, nayo Durham na Dublin zikajiunga. Kwa hiyo tangu kuasisiwa kwake, UMCA ilikuwa misheni ya wanavyuo: ilitafuta watu vyuoni, ikaombewa vyuoni, na sehemu kubwa ya viongozi wake walitoka huko.

Safari ya kwanza iliishia katika msiba. Kituo cha Magomero, kusini mwa Ziwa Nyasa, kilianzishwa mwaka 1861, na Askofu Charles Mackenzie alifariki mwaka uliofuata. Mrithi wake, Askofu William Tozer, aliamua kurudi nyuma ili aanze upya. Mwaka 1864 alihamia Zanzibar akifuatana na Edward Steere. Mwaka huohuo wavulana watano waliookolewa kutoka katika jahazi la watumwa walikabidhiwa misheni na Sultani Majid. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879.

Vijana wa Kiingereza waliofuata katika miaka ya 1870, kama vile Chauncy Maples na William Percival Johnson waliotoka Oxford mwaka 1876, walikuwa zao la mfumo wa elimu ulioamini kwamba kriketi, kandanda na kupiga makasia ni sehemu ya malezi ya roho. Kwa imani hiyo, mtu aliyejifunza kumpa mwenzake mpira, kumtii mwamuzi na kushindwa bila kununa alikuwa amekwisha kujifunza nusu ya maadili. Haikuwa ajabu, basi, kwamba shule walizoziendesha zilikuwa na viwanja vya michezo pamoja na kanisa.

Hata hivyo, neno *mwanafunzi* katika historia hii lina maana mbili, na ya pili ndiyo yenye uzito zaidi. Mwanafunzi wa Oxford alikuja akiwa mgeni. Mwanafunzi wa Kiungani, aliyenyakuliwa kwao akiwa mtoto, alirudishwa bara akiwa mwalimu na mwinjilisti. Huyo ndiye aliyeufikisha mchezo, na lugha ya mchezo, katika vijiji vya Masasi, Newala na Magila.

3.0 Kiungani: wachache wa wapi?

Chuo cha Mtakatifu Andrea kilikuwa Kiungani, kusini ya mji wa Zanzibar. Wasichana walikuwa na shule yao Mbweni, na Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, ndipo lilipojengwa kanisa kuu. Wanafunzi wa mwanzo walikuwa watoto waliotolewa katika majahazi yaliyokamatwa na manowari za Kiingereza. Hawakuwa na lugha moja ya nyumbani. Walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, na baadhi yao walikuwa wamepitia mikono ya mabwana wawili au watatu kabla ya kufika pwani.

Hapa dhana ya lugha ya wachache inahitaji kufafanuliwa. Kimakua kina wazungumzaji wengi kuliko lugha nyingine yoyote ya Msumbiji, na Kiyao kilikuwa lugha kubwa ya biashara ya misafara kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa. Hakuna anayeweza kuziita lugha hizo ndogo kwa kuhesabu vichwa. Lakini mtoto wa Kimakua aliyeshushwa pwani ya Unguja alikuwa mchache pale aliposimama. Uchache wa lugha, kwa hiyo, hautokani na idadi peke yake. Hutokana na idadi ya masikio yanayoweza kuielewa mahali fulani kwa wakati fulani, na heshima inayopewa na wanaoisikia.

Na heshima hiyo ilikuwa ndogo. Katika mji wa Zanzibar wa wakati ule, mtu wa bara aliitwa mshenzi, na ulimi wake ulimtangulia kumtambulisha. Mtoto aliyesema Kiswahili chenye lafudhi ya bara alikuwa akitangaza, bila kupenda, kwamba aliletwa kwa jahazi. Kujua Kiswahili kizuri kulikuwa njia ya kujivua alama ya utumwa. Jambo hili lisisahauliwe na mtafiti wa leo anayeona ni rahisi kusikitika kwamba watoto wale waliacha lugha zao. Kwao, lugha mpya ilikuwa pia kinga.

Jambo lililowasaidia ni undugu wa lugha zenyewe. Mtu mmoja ni *mtu* kwa Kiswahili, *mundu* kwa Kiyao, *munu* kwa Kimakonde, *muntu* kwa Kibondei na *munthu* kwa Kinyanja. Mfumo wa ngeli, upatanisho wa kisarufi na viambishi vya nafsi vilikuwa vichwani mwa watoto hao kabla hawajakanyaga Unguja. Walichokosa ni maumbo ya Kiunguja, na maumbo hayo yalihitaji mahali pa kurudiwarudiwa.

4.0 Uwanja kama darasa la sarufi

Mfano ufuatao ni wa kisarufi. Haukunukuliwa kutoka katika kumbukumbu yoyote, lakini mtu yeyote aliyewahi kusimama kando ya uwanja wa shule ataukubali. Mchezaji anayetaka mpira husema *nipe*. Anayetaka apewe mwenzake husema *mpe*. Timu nzima husema *tupe*. Anayeona hatari hupiga kelele *usimpe*. Katika muda wa kupepesa macho, mtoto amekutana na kiambishi cha mtendwa katika nafsi ya kwanza umoja, nafsi ya tatu umoja na nafsi ya kwanza wingi, kisha akakutana na ukanushi wa hali tegemezi. Mwalimu wa darasani angehitaji vipindi vitatu kuyafundisha hayo, na bado mwanafunzi angeyasahau kwa sababu hakuna kilichokuwa kikitegemea jibu lake.

Sifa tatu za mchezo huufanya kuwa mwalimu wa lugha. Kwanza, maneno yake ni machache na hurudiwa mno. Pili, maana yake huonekana kwa macho: anayesema *piga* huonekana anachotaka kipigwe. Tatu, kosa la lugha hupata malipo yake mara moja, kwani mpira huenda kwa mtu asiyekusudiwa. Sifa hizi hazimo katika mahubiri, wala katika kukariri sala.

Hata hivyo, uwanja haukuwa mahali pa upole tu. Kimakua hakina vipasuo ghuna kama [b], [d] na [g]. Hutofautisha vipasuo vyake kwa mpumuo. Mtoto wa Kimakua aliyetamka Kiswahili kwa mara ya kwanza alikuwa na kila sababu ya kusema *p* palipotakiwa *b*, na *k* palipotakiwa *g*. Darasani mwalimu angemsahihisha. Uwanjani wenzake wangemcheka. Watafiti wa ujifunzaji wa lugha wanajua kwamba kicheko cha rika husahihisha matamshi upesi kuliko fimbo, na pia kwamba kicheko hichohicho humfundisha mtoto kuionea haya lugha ya mama yake.

Msamiati nao uliacha alama. Neno *mpira* lilitaja kwanza mti na utomvu wake, kisha kitu cha mviringo kilichotengenezwa kwa utomvu huo, na hatimaye mchezo wenyewe. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, mpira wa porini ulikuwa bidhaa muhimu ya biashara katika nchi za kusini, zikiwamo za jirani ya Masasi. Yumkini kijana wa huko alilijua neno hilo kama mzigo wa kubebwa kichwani kabla ya kulijua kama kitu cha kupigwa kwa mguu. Maneno mengine yalikuja kwa kutoholewa: *goli*, *kipa*, *refa*, *kona*, *penalti*. Haifai kudai kwamba yote haya yalizaliwa Kiungani, kwani kandanda ilikuwa na milango mingi ya kuingilia Afrika Mashariki. La kuzingatia ni jinsi yalivyoingizwa katika sarufi: *goli* likapata wingi wa *magoli* katika ngeli ya JI-MA, na *kipa* akapatanishwa kama kiumbe hai, *kipa amedaka*. Sarufi ya Kibantu ilimpokea mgeni, ikampa kiti na ikamfundisha adabu za nyumbani.

5.0 Jioni za hadithi

Burudani ya pamoja haikukoma jua lilipotua. Edward Steere, ambaye kwa taaluma alikuwa mwanasheria kabla ya kuwa kasisi, alitambua mapema kwamba lugha isingejulikana kwa kuuliza majina ya vitu. Ilibidi kusikiliza watu wakijifurahisha. Mkusanyo wake wa hadithi, *Swahili Tales*, ulitoka mwaka 1870, mwaka uleule wa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Zanzibar. Hadithi hizo, kama ile ya Punda wa Dobi, alisimuliwa na wenyeji wa Zanzibar. Mitambo ya kupigia chapa ya misheni iliwafundisha wavulana kupanga herufi, na hivyo baadhi yao walijua kusoma Kiswahili kwa vidole kama walivyojua kwa macho.

Kwa mtoto wa bara, hadithi za pwani hazikuwa ngeni kabisa. Sungura mjanja anajulikana Unyasa na Uyao kama anavyojulikana Unguja. Mtoto aliisikia hadithi aliyoijua kwa maneno asiyoyajua, na hiyo ni njia nyepesi ya kuyafahamu maneno.

Matunda yake yalionekana baada ya muda mfupi. Mwaka 1887, Arthur Cornwallis Madan alichapisha London kitabu kilichoitwa *Kiungani*, ambacho ni tafsiri ya masimulizi yaliyoandikwa na wavulana wa shule za misheni kuhusu makwao, kutekwa kwao na safari zao hadi pwani. Madan huyo ndiye aliyetunga baadaye kamusi zilizotumiwa na kizazi kizima, ikiwamo ya Kiswahili-Kiingereza ya mwaka 1903. Mwaka 1888 likaanza kuchapwa Kiungani gazeti la *Msimulizi*, mojawapo ya magazeti ya mwanzo kabisa ya Kiswahili, lililounganisha chuo na walimu waliotawanyika vituoni. Jina lake halikuchukuliwa katika msamiati wa kanisa. Lilichukuliwa katika baraza la hadithi.

Kuna jambo la kusikitisha katika masimulizi ya mwaka 1887. Yanaeleza nchi za Wayao, Wamakua na Wanyasa, lakini waandishi wake walikuwa wamejifunza kuandika kwa Kiswahili, na lugha walizolelewa nazo zimebaki kama majina ya watu na mahali tu. Mtoto aliweza kukisimulia kijiji chake kwa lugha ambayo mama yake asingeielewa.

6.0 Ngoma na mpaka uliowekwa

Vituo vya bara vilileta mtihani mwingine. Mwaka 1876 Askofu Steere aliongoza kundi la watumwa walioachwa huru kuelekea kusini, nao wakaweka makao Masasi. Kituo hicho kilishambuliwa mwaka 1882 na Wamagwangwara, yaani Wangoni, na sehemu ya kazi ikahamia Newala. Katika nchi hizo misheni ilikuta watu waliokuwa na burudani zao tele: ngoma za mavuno, vitendawili vya usiku, nyimbo za kutwanga, na juu ya yote jando na unyago.

Wamisionari wengi walizitazama ngoma hizo kwa shaka, na mahali pengi Wakristo walikatazwa kushiriki. Mpira na kriketi vilitolewa badala yake. Kwa mtazamo wa isimujamii, badiliko hilo lilikuwa kubwa kuliko lilivyoonekana. Mpira ulichezwa kwa Kiswahili, kwa kuwa waliouleta walikuwa walimu wa Kiungani. Ngoma ilichezwa kwa Kiyao, Kimakua au Kimakonde, na haikuweza kuchezwa kwa lugha nyingine, kwa sababu nyimbo zake, mafumbo yake na majina ya hatua zake vilikuwa vimefumwa katika lugha hizo. Kuikataza ngoma kulikuwa kuifungia lugha mojawapo ya nyumba zake kubwa.

Haiwezi kusemwa kwamba misheni ilizidharau lugha hizo. Ukweli ni kinyume. Steere mwenyewe alichapisha mikusanyo ya mwanzo ya Kishambala mwaka 1867, Kiyao mwaka 1871 na Kimakonde mwaka 1876. Maples alitoa ya Kimakua mwaka 1879, na Herbert Woodward ya Kibondei mwaka 1882. Johnson alitumia maisha yake kando ya Ziwa Nyasa akiitafsiri Biblia kwa Kinyanja, hadi alipofariki mwaka 1928. Ni wachache kati ya wasomi wa leo wanaoweza kujilinganisha nao kwa juhudi. Na hapa ndipo penye utata: misheni iliyoziandika lugha hizo kwa bidii kubwa ndiyo iliyozipunguzia mahali pa kuchezewa.

Aliyeliona tatizo hili kwa uwazi zaidi ni Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944. Badala ya kulikataza jando, alilipokea na kuliweka chini ya uangalizi wa kanisa: wavulana walikaa kumbini, mafundisho ya Kikristo yakaunganishwa na mafundisho ya wazee, na sehemu zilizoonekana kupingana na imani zikaondolewa. Wanahistoria, akiwamo Terence Ranger katika utafiti wake maarufu wa mwaka 1972 kuhusu Masasi, wameujadili mpango huo kwa marefu, hasa swali la nani aliudhibiti: askofu, mapadri Waafrika, au wazee wa mila.

Mwanaisimu ana swali lake la ziada. Wimbo wa jando ukiondolewa kwa sababu ya maneno yake, huondoka na msamiati wake, kwa kuwa mara nyingi maneno hayo hayasemwi mahali pengine. Hata hivyo, kwa kulirudisha jando, Lucas aliirudishia lugha ya wenyeji saa ambazo mpira ulikuwa umezichukua. Kijana alifundishwa utu uzima kwa lugha ya babu yake, na Kanisa likasimama karibu likisikiliza. Hiyo ilikuwa hatua ambayo kamusi peke yake isingeweza kuipiga.

7.0 Faida na gharama

Ipo hoja inayopinga mwelekeo wa mhadhara huu, nayo inastahili kujibiwa. Husemwa kwamba Kiswahili kingeenea tu, misheni iwepo au isiwepo. Misafara ya biashara, utawala wa Wajerumani na majeshi yalikuwa yakikisambaza. Hata burudani isiyokuwa ya kanisa ilifanya kazi hiyo: ngoma ya beni, pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti, ilipeleka nyimbo za Kiswahili kutoka pwani hadi bara katika enzi za Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, bila msaada wa padri yeyote.

Hoja hiyo ina ukweli, na inathibitisha jambo la msingi: burudani ni mbeba lugha mwenye nguvu, awe na msalaba au asiwe nao. Lakini haiondoi tofauti moja. Mcheza beni hakuahidi kukilinda Kiyao. Misheni iliahidi. Ilisema kwamba kila mtu alistahili kusikia neno kwa lugha yake, na ikalipa gharama kubwa kuzitimiza tafsiri. Kwa hiyo ni haki kuipima kwa kipimo chake yenyewe.

Kwa kipimo hicho, faida inaonekana. Watoto walionyang'anywa kila kitu walipata lugha ya kuunganishwa nayo, elimu, na sauti ya kuandika. Cecil Majaliwa, Myao aliyelelewa Zanzibar, alipewa upadri mwaka 1890, wa kwanza kati ya Waafrika wa misheni hiyo, na alifanya kazi kubwa Chitangali miongoni mwa Wayao. Kiunguja kilichofundishwa Kiungani ndicho kilichoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na haiwezekani kulitenga kabisa jambo hilo na nguvu ya mtandao wa shule na vitabu vya UMCA.

Gharama nayo inaonekana. Mwalimu kijana aliyerudi kusini alikuwa na cheo kwa sababu ya Kiswahili chake. Watoto wa kijiji walimtazama akiweka mistari ya kiwanja, wakajua kwamba mchezo wenye heshima una lugha yake, na lugha hiyo si ya nyumbani. Hakuna aliyewaambia hivyo. Walijifunza wenyewe kama walivyojifunza *nipe* na *usimpe*.

8.0 Funzo kwa wanafunzi wa leo

UMCA iliunganishwa na shirika jingine la Kianglikana mwaka 1965, na jina lake likabadilika. Lakini desturi ya wanafunzi kwenda kwa watu wa lugha nyingine wakiwa na Injili mkono mmoja na mpira mkono wa pili haijakoma. Vyama vya wanafunzi Wakristo katika shule na vyuo vya Afrika Mashariki huitumia likizo kwa safari za namna hiyo. Huchezwa mechi na vijana wa kijiji, huimbwa, huigizwa, kisha huhubiriwa.

Mazingira yamebadilika. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, imeonyesha nchi yenye lugha zaidi ya 100, nyingi zikiwa na wazungumzaji wachache. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilizitambua lugha za asili kuwa hazina. Hata hivyo, katika vijiji vingi lugha ya wazee husikika mezani na msibani, na lugha ya watoto uwanjani ni Kiswahili. Wanaisimu huitazama dalili hiyo kwa makini. Watoto wanapocheza kwa lugha fulani, lugha hiyo ina kesho. Wanapoiacha wakati wa kucheza, huwa wameanza kuiacha hata kabla hawajajua.

Mwanafunzi anayekwenda kwenye jamii ya aina hiyo, awe mwinjilisti au mtafiti wa lugha, anaweza kufanya mambo matatu yasiyohitaji fedha. La kwanza ni kuuliza watoto wa hapo hucheza nini kabla ya kutoa mpira wake mfukoni. La pili ni kukubali kuwa mjinga uwanjani: acheze mchezo wao, kwa lugha yao, achekwe yeye kwa matamshi yake. Kicheko kikigeuzwa upande, mtoto huona kwa mara ya kwanza kwamba lugha yake ina kitu ambacho msomi hana. La tatu ni kuandika anachokisikia: nyimbo za kuruka kamba, mashairi ya kuhesabia, majina ya mashimo ya bao, vitendawili na majibu yake. Msamiati huo haumo katika mikusanyo mingi ya wamisionari wala katika kamusi nyingi za kisasa, kwa sababu watunzi waliwauliza watu wazima, na watu wazima walikwisha kusahau.

9.0 Hitimisho

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Mchezaji wa ngoma nyumbani hutuzwa kwa sababu watazamaji wanamjua na wanaijua ngoma. Wanafunzi wa Kiungani waliondolewa kwao kwa nguvu, wakafundishwa mchezo wa ugenini, wakaumudu, na wakatunzwa kwa ajili yake. Kisha wakarudishwa kwao, na huko wakaucheza mchezo huo mbele ya watu ambao wangeweza kuwa shangazi na wajomba zao. Walitunzwa pia. Lakini tuzo hiyo ilitolewa kwa lugha ambayo mashangazi hao hawakuisema.

Hakuna sababu ya kuwalaumu wanafunzi hao, na sababu ya kuwalaumu walimu wao ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kiswahili kiliwapa watoto wale kinga, cheo na taifa la wenzao, na wasomi wa Kiswahili wa leo ni warithi wa kazi yao. Urithi huo una deni ndani yake. Deni lenyewe halilipwi kwa kukipunguza Kiswahili. Hulipwa kwa kuhakikisha kwamba mtoto wa Kimakua, wa Kiyao au wa Kibondei anayekimbilia mpira leo alasiri anaweza kumwambia mwenzake *nipe* kwa lugha ya mama yake, na mpira ukamfikia.